Mkebe wa Vipokezi

Usiniulize kama inafanya kazi.
Niulize inafanya kazi na nani.
Hilo ndilo swali hapa Luthuli, ghorofa ya kwanza,
kibanda futi sita kwa nne,
kati ya anayeuza spika
na anayeuza vizibo vya masikio.

Kibodi hii ilikuja ndani ya gunia na wenzake arobaini,
kutoka ofisi ya ng'ambo iliyofilisika au iliyochoka.
Herufi A imefutika.
Kwenye kitufe cha nafasi kuna bonde dogo
lililochimbwa na kidole gumba cha mtu
ambaye sitamjua.
Betri mbili, taa ya kijani: pumzi ipo.
Lakini kipokezi chake, kile kidude cha ukubwa wa ukucha,
kilibaki huko, kimechomekwa ubavuni mwa kompyuta
ambayo labda imeshayeyushwa.

Ndiyo maana ninao mkebe huu wa Kimbo.
Vipokezi mia na ushei, yatima wa kila kiwanda.
Wenye jua dogo la rangi ya chungwa ni wapole,
huongea na vifaa sita bila wivu.
Wengine ni wa mke mmoja:
wakifiwa, wamefiwa.

Ombongi alikuja Jumanne, mvua imemfuata mpaka ngazini.
Kipanya chake kinaikubali kompyuta ya shule,
runinga kinaikana.
Simu yake inakiona, inakiita kwa jina,
halafu inasema subiri.
"Kina nini?"
Hakina kitu. Ni lugha.
Wote wanapita hewa ile ile,
kama wapangaji wa ploti moja, geti moja,
ambao hawajawahi kujuliana hali.

Nikamwaga mkebe juu ya gazeti.
Tukachomeka, tukachomoa. Hiki sicho. Hiki sicho.
Kimoja kilipiga kengele ya kompyuta, kikanyamaza,
kama mgeni aliyebisha hodi
akakumbuka kuwa si nyumba yenyewe.
Cha kumi na tisa hivi, kikuukuu, kutu mdomoni,
kikaamka.

Na kwenye skrini, mimi sijagusa,
Ombongi hajagusa:

     mimi, Tabitha Nasimiyu, mkazi wa Kariobangi,

Tukatazamana.

     naapa kwamba kitambulisho changu kilipotea
     mnamo au karibu na

Kisha maneno yakaanza kuliwa kutoka nyuma,
herufi moja moja, mpaka *karibu na* ikaisha.
Mshale ukabaki unapepesa.
Tukaingoja tarehe pamoja naye.

Juu yetu yuko mpiga chapa wa viapo.
Miaka kumi na moja sakafu yake ni dari yangu.
Namjua kwa mburuto wa kiti tu,
na harufu ya chai ya tangawizi saa nne.
Sikujua kwamba huandika polepole hivi,
kwamba husita kabla ya tarehe
kama anayeuliza tena, kwa upole, una hakika, mama?

     tarehe sita

Ombongi alicheka kwa kunong'ona,
kana kwamba herufi zina masikio.
Siri ya mtu ni siri ya mtu; adabu ni kuchomoa.
Nilichomoa.
Lakini nilingoja nukta.

Ombongi nilimuuzia kipanya cha waya, mia tatu.
Kinaingia popote, hakiulizi ukoo.
Akakishika mkia, akashuka nacho mvuani
akikitukana kidogo.

Mimi nikafunga kibanda mapema,
nikapanda ngazi kumi na nane nisizowahi kuzipanda,
kipokezi kimefumbatwa mkononi,
nikitafuta namna ya kumwambia mtu
kwamba maneno yake yanavuja sakafuni.
Akafungua mlango. Miwani kwenye paji la uso.
Nikasema:
"Kiti chako, dada, kinahitaji mafuta."